Kusaka Visanduku vya Letaboksi: Mwongozo kwa Familia Inayoanza

Familia nyingi zinazosoma Kiswahili hapa Marekani hutafuta shughuli ya mwisho wa juma itakayowaondoa watoto mbele ya skrini bila kuukausha mfuko wa nyumba. Sinema na viwanja vya burudani hugharimu fedha nyingi kwa saa chache tu. Katika makala haya tunaeleza mchezo unaoweza kuchezwa na mtoto wa miaka mitano pamoja na bibi yake, ambao vifaa vyake vinapatikana kwa dola chache. Mchezo huo ni letaboksi.

Tunaueleza kwa sababu mbili. Kwanza, ni rahisi kutumia fedha kununua vitu ambavyo mchezo hauvihitaji. Pili, gharama kubwa ya mchezo huu haipo dukani. Humpata yule anayeingia katika ardhi asiyoruhusiwa au anayeacha kisanduku mahali ambapo sheria inakataza. Anayezifahamu kanuni hucheza kwa amani.

Mchezo wenyewe

Letaboksi ni mchezo wa kusaka kisanduku kilichofichwa mahali ambapo umma unaruhusiwa kufika, kama vile msituni, kando ya mto au katika bustani ya mji. Ndani yake mna muhuri wa mpira, ambao mara nyingi umechongwa kwa mkono, na daftari dogo. Mtu aliyekificha huandika madokezo yanayomwongoza msakaji mpaka mahali penyewe.

Msakaji naye huja na muhuri wake na daftari lake. Akikipata kisanduku, huupiga muhuri wa kisanduku katika daftari lake, na muhuri wake katika daftari la kisanduku. Huandika tarehe na jina lake la mchezo, kisha hukirudisha kisanduku palepale alipokikuta. Hakuna mshindi wala zawadi ya kuchukua. Kinachobaki ni alama za mihuri, na baada ya mwaka mmoja daftari la familia huwa kumbukumbu ya kila mahali walipotembea.

Waliokulia katika Kiswahili watautambua mwenendo huu mara moja. Mmoja hutega, mwingine hutegua. Tofauti ni kwamba kitendawili hiki hutegwa kwa maandishi na huteguliwa kwa miguu.

Ulikotoka

Mchezo huu ulizaliwa Dartmoor, nyanda za juu zenye miamba na matope katika mkoa wa Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Mwaka 1854 James Perrott, aliyekuwa akiwaongoza wageni kutoka kijiji cha Chagford, aliweka chupa mahali paitwapo Cranmere Pool. Kufika huko kulihitaji mwendo mrefu juu ya ardhi yenye majimaji, na wageni waliofika waliacha kadi zao ndani ya chupa kama ushahidi. Baadaye ikawa desturi kuacha barua au kadi ya posta yenye anwani. Mgeni aliyefuata aliichukua na kuituma. Ndiyo maana mchezo ukapata jina lenye maana ya sanduku la barua.

Kisanduku kingine kiliwekwa Belstone Tor mwaka 1894, na mwaka 1938 kikawekwa kimoja Ducks' Pool kumkumbuka William Crossing, mwandishi wa kitabu mashuhuri cha kuwaongoza wasafiri wa Dartmoor. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 idadi ilifikia maelfu.

Kuna jambo moja la Dartmoor linalomhusu kila anayeanza. Cranmere Pool imo ndani ya eneo ambalo jeshi hulitumia kwa mazoezi ya kulenga shabaha. Siku za mazoezi bendera nyekundu hupandishwa, na hakuna mtembeaji anayeruhusiwa kuingia. Kwa hiyo hata mahali mchezo ulipoanzia, anayetoka nyumbani huuliza kwanza kama leo njia iko wazi.

Marekani iliufahamu mchezo huu kwa upana baada ya jarida la Smithsonian kuchapisha makala kuuhusu mwezi Aprili 1998. Leo visanduku vinapatikana katika majimbo mengi, na madokezo yake husomwa kwenye tovuti za wachezaji wenyewe.

Msomaji asiuchanganye mchezo huu na ule wa kusaka vitu kwa kutumia setilaiti, ulioanza jimboni Oregon mwaka 2000. Katika mchezo wa setilaiti, mara nyingi msakaji huruhusiwa kuchukua kitu kidogo na kuacha kingine. Katika letaboksi, muhuri hauchukuliwi kamwe. Anayeuondoa, hata kwa nia njema ya kubadilishana, huuharibu mchezo kwa wote watakaofuata, na huwa ameondoka na kazi ya mkono wa mtu.

Mnachohitaji, na msichohitaji

Familia iliyo makini kwa kawaida inaweza kuanza kwa gharama isiyozidi dola 20. Vifaa vyenyewe ni hivi:

- Muhuri mmoja wa familia, au mmoja kwa kila mtoto. Unaweza kununuliwa, lakini kuuchonga nyumbani ni sehemu ya furaha.
- Daftari lisilo na mistari, lenye karatasi nzito kiasi cha kuzuia wino usipenye upande wa pili.
- Pedi moja au mbili za wino. Visanduku vingi havina wino ndani, kwa hiyo kila msakaji hubeba wake.
- Dira ya kawaida. Si lazima iwe ya bei kubwa. Inatosha iwe na mzunguko wenye nyuzi 360 unaosomeka vizuri.
- Penseli, kitambaa cha kufutia muhuri, na mfuko wa plastiki wa kuhifadhia daftari mvua ikinyesha.

Hamhitaji kifaa cha setilaiti. Hamhitaji seti maalumu iliyopambwa jina la mchezo, kwa sababu vilivyomo ni hivihivi tulivyovitaja, na mara nyingi bei yake huwa juu zaidi. Programu za simu za kulipia nazo si za lazima kwa anayeanza. Mkiamua kujaribu programu yenye kipindi cha majaribio ya bure, someni kwanza masharti yake. Nyingi huanza kukata fedha zenyewe kipindi kikiisha, na njia ya kujiondoa huwa imeandikwa kwa herufi ndogo. Andikeni tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya nyumbani kabla ya kutoa namba ya kadi.

Mnaponunua wino kwa ajili ya watoto, angalieni maandishi ya pakiti. Alama ya ASTM D-4236 maana yake ni kwamba bidhaa imekaguliwa, na kama ina madhara ya kudumu kiafya, onyo limeandikwa. Alama hiyo peke yake haimaanishi kwamba bidhaa inamfaa mtoto. Tafuteni pia muhuri wa AP, unaothibitisha kwamba bidhaa haina sumu, na msomeni onyo lolote lililopo.

Kuchonga muhuri wa kwanza

Kifutio kikubwa cha penseli kinatosha kwa muhuri wa kwanza. Chagueni mchoro mwepesi wenye maana kwenu, kama vile ngalawa, ndizi, twiga au jani. Uchoreni kwa penseli laini kwenye karatasi, lazeni karatasi juu ya kifutio upande wenye mchoro ukiwa chini, kisha isugueni kwa ukucha au kijiko. Mchoro utahamia kwenye kifutio ukiwa umegeuzwa, na muhuri ukipigwa utarudi sawasawa na ulivyochorwa. Jambo hili ni muhimu zaidi pakiwa na herufi. Mwenye kuchora moja kwa moja juu ya kifutio asipozigeuza, neno litasomeka kinyume.

Sehemu zinazochongwa na kuondolewa hubaki nyeupe. Zinazoachwa ndizo zitakazopokea wino. Chombo kinachofaa ni patasi ndogo yenye ncha ya umbo la V, iuzwayo katika maduka ya vifaa vya sanaa. Ni kali, na huteleza kwa urahisi, kwa hiyo mtu mzima ndiye achonge, daima akisukuma ncha mbali na vidole vinavyoshika kifutio. Watoto wadogo wachore, wachague rangi na wapige muhuri. Wanaotaka kuchonga wenyewe wapewe kiazi kilichokatwa nusu na kijiko kidogo, na alama yao haitakuwa duni machoni pao.

Kuchagua safari na kuyasoma madokezo

Kabla ya kujaza mafuta ya gari, tazameni tarehe ambayo kisanduku kilipatikana mara ya mwisho. Visanduku hupotea kwa mafuriko, kwa kuanguka kwa miti na kwa mikono ya wasiojua ni nini. Kisanduku ambacho hakijaonekana kwa miaka mitatu hakifai kuwa safari ya kwanza ya mtoto. Chagueni kilicho karibu na nyumbani, chenye njia isiyozidi kilomita mbili, na ikiwezekana mahali penye visanduku viwili au vitatu, ili kimoja kikikosekana msirudi mikono mitupu.

Chunguzeni pia kama kuna ada ya kuingia au ya kuegesha gari. Misitu mingi ya umma haitozi kitu. Katika baadhi ya majimbo, maktaba za umma huwaazima wanachama wake kibali cha kuingia katika hifadhi za jimbo bila malipo. Ulizeni maktaba yenu kabla ya kulipa.

Madokezo huja kwa namna mbalimbali. Mengine husema waziwazi: anzia darajani, fuata njia ya mto, hesabu mialoni mitatu. Mengine ni mafumbo au hadithi ambayo ndani yake njia imefichwa. Yapo yanayotumia dira, kwa mfano kumtaka msakaji atembee hatua 40 kuelekea nyuzi 90, yaani mashariki. Hapa mambo mawili huwapoteza wageni. La kwanza ni kipimo cha hatua. Waandishi wengine huhesabu kila mguu unapokanyaga, na wengine huhesabu mguu wa kulia tu. Idadi isipofika mahali panapoeleweka, jaribuni njia ya pili. La pili ni dira yenyewe. Kaskazini ya dira hutofautiana na kaskazini ya ramani, na katika majimbo kama Maine na Washington tofauti hiyo huzidi nyuzi 10. Madokezo mengi huandikwa kwa nyuzi za dira kama zinavyosomeka, lakini anayepima kwenye ramani hana budi kuikumbuka tofauti hiyo.

Adabu mbele ya kisanduku

Kisanduku kinapoonekana, mkisogeze kando, mbali na macho ya wapita njia, ndipo mkifungue. Mtoto asitie mkono kwenye shimo au chini ya jiwe. Mtu mzima atangulize kijiti, kwa kuwa nyoka na buibui nao hupenda mahali palipofichika. Hakuna haja ya kuchimba, kwa sababu visanduku havizikwi. Msipindue mawe yote wala kuvunja matawi mkitafuta.

Muhuri ufutwe vizuri kabla ya kurudishwa, daftari lifungwe ndani ya mfuko wake, na kifuniko kibanwe mpaka mwisho. Maji kidogo tu huharibu kumbukumbu za miaka mingi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kisanduku bila daftari hupoteza historia yake yote. Kisha kifunikeni kama mlivyokikuta. Kama kimeharibika, mjulisheni aliyekificha kupitia tovuti mlikopata madokezo.

Kuficha kisanduku chenu: ombeni ruhusa kwanza

Baada ya kupata visanduku kadhaa, watoto hutaka kuficha chao. Hapa ndipo tunapowaomba wasomaji wetu wawe waangalifu zaidi.

Ardhi yote ina mwenyewe, hata inayoonekana pori. Katika Hifadhi za Taifa, kanuni za serikali kuu zinakataza kuacha mali bila mwangalizi kwa zaidi ya saa 24, isipokuwa mahali palipotengwa kwa muda mrefu zaidi. Kisanduku kilichofichwa huko bila idhini huhesabiwa kuwa mali iliyoachwa, na aliyekiacha anaweza kuadhibiwa. Hifadhi za majimbo na bustani za miji zina taratibu zake. Nyingine hutoa kibali kwa fomu fupi, nyingine hukataa kabisa. Pigeni simu kwa ofisi inayosimamia mahali hapo, elezeni mchezo ni nini, na mwombe jibu la maandishi. Barua pepe ya mistari miwili inatosha, na ihifadhiwe.

Ardhi ya mtu binafsi huhitaji idhini ya mwenyewe. Kibao kilichoandikwa No Trespassing maana yake ni kwamba kuingia bila ruhusa ni kosa la kisheria, hata kama dokezo linaelekeza huko. Katika majimbo kadhaa, miongoni mwao Texas na Missouri, rangi ya zambarau iliyopakwa kwenye miti au nguzo ina uzito uleule wa kisheria, japokuwa hapana neno lililoandikwa. Wafundisheni watoto kuitambua. Dokezo likiwafikisha kwenye alama hizo, rudini.

Kisanduku kisichofahamika kinaweza kuwatia watu hofu na kuwaleta polisi. Kwa hiyo tumieni chombo cha plastiki kinachoonyesha vilivyomo, na bandikeni nje maandishi ya Kiingereza yanayosema kwamba ni kisanduku cha mchezo wa letaboksi, hakina hatari, na kisiondolewe. Ndani wekeni karatasi inayoeleza kwamba muhuri hauchukuliwi. Msikifiche karibu na shule, daraja la reli, jengo la serikali, kituo cha umeme au chanzo cha maji. Msiweke peremende wala kitu chenye harufu, kwa maana wanyama watakitafuna. Epukeni pia kuta za kale, makaburi na viota.

Aliyeficha kisanduku amejitwika kazi ya kukitunza. Kikaguliwe angalau mara chache kwa mwaka. Siku familia inapohama, kiondolewe au kikabidhiwe mwingine, na tangazo lake lifutwe. Kilichoachwa ni takataka.

Usalama wa njiani

Mwambieni ndugu au jirani mnakokwenda na saa ya kurudi, kwa kuwa simu haishiki mtandao kila mahali msituni. Bebeni maji. Katika msimu wa uwindaji, vaeni nguo za rangi ya machungwa yenye kung'aa, watoto kwa wakubwa.

Kupe ni hatari ya kweli, hasa katika majimbo ya kaskazini-mashariki na ya maziwa makuu ya Marekani, ambako baadhi yao hueneza ugonjwa wa Lyme. Vaeni suruali ndefu na kuzichomeka ndani ya soksi. Someni maelekezo ya dawa ya kufukuza wadudu kabla ya kumpaka mtoto. Dawa yenye mafuta ya mkaratusi wa limau isitumiwe kwa mtoto aliye chini ya miaka 3, na permethrini hupakwa kwenye nguo tu, kamwe si kwenye ngozi. Mkirudi, kagueni mwili wote, hasa kwapani, nyuma ya masikio, nyuma ya magoti na ndani ya nywele. Nguo kavu zikiwekwa dakika 10 kwenye mashine ya kukaushia yenye joto kali, kupe waliomo hufa. Kupe aliyeng'ang'ania ashikwe kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi na avutwe wima bila kupinda. Mapema ndiyo bora, kwa sababu anapoondolewa ndani ya saa 24 uwezekano wa kuambukiza Lyme hupungua sana. Homa au wekundu unaotanuka kwenye ngozi katika wiki zinazofuata ni sababu ya kumwona daktari.

Jifunzeni pia kuutambua mmea uitwao poison ivy, wenye majani matatu kwenye kikonyo kimoja. Mafuta yake huwasha na kuleta malengelenge. Aliyeugusa aoshwe upesi kwa sabuni na maji mengi.

Majina ya watoto

Daftari la kisanduku husomwa na yeyote atakayelipata. Kwa hiyo wachezaji hutumia lakabu, na familia nzima inaweza kuwa na moja. Andikeni lakabu na tarehe, basi. Jina kamili la mtoto, shule yake, namba ya simu na anwani visiandikwe humo wala kwenye tovuti. Picha za mtoto akiwa kwenye kisanduku zibaki nyumbani. Zikitangazwa pamoja na mahali na siku, humweleza mgeni familia inapatikana wapi.

Kabla ya kutoka nyumbani

- Je, kisanduku kimeonekana hivi karibuni?
- Je, mahali pako wazi leo, na kuna ada?
- Je, njia yote imo ndani ya ardhi ya umma?
- Je, mmebeba muhuri, daftari, wino, dira, maji na madokezo yaliyochapishwa?
- Je, yupo anayejua mlikokwenda?

Familia inayoweza kujibu maswali haya matano iko tayari kwa safari yake ya kwanza. Dokezo wapewe watoto walisome kwa sauti, na watu wazima wafuate nyuma.